Leleshwa, Ua Jeupe la Bonde la Ufa

Msomaji, ukitoka Nairobi kwa barabara ya chini inayoteremka ukutani mwa Bonde la Ufa, utapita kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kitaliano mnamo 1942, kisha utafika Mai Mahiu. Abiria wengi hapo huwaza mahindi ya kuchoma tu. Wewe shika njia ya Naivasha na utazame nje. Vichaka vya kijivu vilivyotanda chini ya Mlima Longonot, ambavyo watoto watadhani vimejaa vumbi, ndivyo leleshwa.

Jina hilo tumeliazima kwa Wamaasai. Wataalamu huiita Tarchonanthus camphoratus, nao huiweka katika ukoo mmoja na alizeti, pareto na asta za bustanini. Ukoo huo utakushangaza, kwa maana ua la leleshwa halina petali za kujionyesha. Ni vijiua vyeupe, rangi ya malai, vilivyosongamana kwenye ncha za matawi. Leleshwa ina mti wa kiume na mti wa kike. Ule wa kike, ukishazaa, hufunika mbegu zake kwa sufi nyeupe, nawe ukiuona kwa mbali utadhani mtu ameanika pamba.

Utaitambuaje pasipo maua? Chuma jani. Juu ni kijani kilichofifia, chini ni jeupe na laini kama kitambaa cha sufu. Lifikiche, unuse: ni harufu ya kafuri hasa. Wengine huichanganya na mutamaiyo, yaani mzeituni mwitu, ambao nao majani yake yamepauka upande wa chini. Lakini majani ya mutamaiyo hukaa mawili mawili yakielekeana, na ya leleshwa hupishana tawini. Tena mutamaiyo haunuki kafuri. Vijana wa Kimaasai hutia majani ya leleshwa kwapani ili wanukie vizuri, na hapo duka la manukato limepata mshindani wa bure!

Twiga huila. Binadamu naye huichoma. Mti wake ni mgumu, makaa yake ni mazuri, na huenda umewahi kuipikia ugali jikoni mwako bila kujua. Ukiukata mti na kuacha kisiki, huchipuka tena, na kwa hivyo mchoma makaa mwenye subira anaweza kurudi pale pale baada ya miaka. Kinachoimaliza ni kung'oa visiki na kupitisha trekta. Upande wa Narok, vichaka vingi vya namna hii vimegeuzwa mashamba ya ngano, na kisiki kilichong'olewa hakichipuki.

Ndiyo sababu nakuhimiza uioteshe nyumbani. Usiguse miche iliyo ndani ya Mbuga ya Longonot, kwani sheria inakataza. Omba mbegu kwa mwenye shamba nje ya mbuga. Chukua sufi iliyokauka mtini, uitenganishe kwa vidole, na usie mbegu zikiwa bado mpya katika udongo wenye mchanga mwingi. Sia nyingi, kwa maana zisizoota ni nyingi pia. Mwagilia kidogo kidogo, wala usiache maji yatuame. Mche ukishika, uhamishie mahali penye jua la kutosha. Leleshwa huvumilia ukame, upepo na hata baridi kali ya usiku, kwa hivyo wakazi wa Ngong, Limuru au Nakuru hawana udhuru. Ukiipogoa mara kwa mara hufanya ua zuri la kuzungushia boma. Ukiiacha hukua ikawa mti wa mita sita hivi.

Ukiwa na nafasi, panda miche minne au mitano, kwa sababu mche mchanga haukuambii kama ni wa kike au wa kiume. Ukibahatika kupata ya jinsia zote mbili, utaona ndege wakija kuchota ile sufi kwa ajili ya viota vyao.