Tulipoifunga Miamba ya Kigombe

Kijana mmoja wa BMU, kikundi cha kulinda rasilimali za bahari, aliniambia pwani ya Kigombe, mkoani Tanga, tena kwa adabu: "Babu, zamani nyinyi mlikuwa mnavua tu. Uhifadhi tumeuanza sisi." Neno hilo limenikaa moyoni, nami naona si haki kulinyamazia.

Mtaani kwetu alikuwepo mzee msuka madema, mitego ya samaki. Alikaa barazani tangu asubuhi akipasua mianzi kuwa pau nyembamba, mguu mmoja ameukunja, ncha za pau amezibana kwa kidole gumba cha mguu wa pili. Kila tundu alilipima kwa vidole viwili. Likiwa dogo, alifumua hata kama dema limekaribia kwisha. "Tasi mchanga apate pa kutokea," alituambia, "huyo ni wa mwakani." Kanzu yake ilinuka chambo na mwani hata siku ya Ijumaa, ikiwa imefuliwa. Sisi watoto tulimjua kwa harufu kabla hajakata kona. Huyo hakuwahi kuhudhuria semina hata moja.

Kilichotuharibia miamba si madema, ni baruti. Mlipuko ulitikisa vyombo jikoni, na baada ya muda samaki walikuwa pwani, tele na rahisi. Mama hakuwanunua. Alimbonyeza changu tumboni, akimpasua alikuta uti umevunjika, damu imevilia ndani, nyama imeachana na mifupa. Lakini wengi walinunua, maana njaa haichagui. Mwamba uliopigwa ulibaki kifusi. Vipande vya matumbawe hubingirishwa na mawimbi, machanga hayapati pa kushika, na samaki hawana tena pa kujificha wala kuzalia.

Mradi wa hifadhi ya pwani ya Tanga, kwa msaada wa Ireland na utaalamu wa shirika la uhifadhi la IUCN, ulianza 1994. Miamba ilifungwa isivuliwe miaka michache baadaye. Ninachokikumbuka ni mabishano. Wavuvi ndio waliotaja miamba kwa majina, upi una chewa, upi umekufa, upi unavulika maji ya bamvua. Wenye ngalawa ndogo waliuliza watakula nini, wakasikilizwa. Kwa kuwa mtu wa Tongoni na wa Kigombe wanavua maji mamoja, vijiji vya eneo la Mtang'ata vilikaa kwenye mpango mmoja. Miamba ya Kitanga na Upangu ikafungwa. Wanakijiji walitoka doria pamoja na vyombo vya dola, na aliyevunja sheria aliulizwa na jirani yake kabla hajaulizwa na askari. Baruti ikapungua, tukalala.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mradi ukaisha 2007, fedha za doria zikakauka, na milipuko ikarudi. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa ajili ya samaki wa kale aliyekuwa akinaswa na nyavu za jarife za wavuvi wetu. Baadaye kikosi kazi cha serikali kikawaandama walipuaji, na bahari ikatulia. Nashukuru. Lakini mikutano ya siku hizi inaniudhi: mvuvi anasaini mahudhurio, anaonyeshwa mstari uliokwisha kuchorwa, anapewa soda. Madema sasa mengi ni ya waya, matundu hayapimwi na mtu, na msukaji wetu amekwisha kufariki bila mwanafunzi.

Vijana wa BMU, kazi yenu ni nzuri na ni ngumu. Kabla ya mkutano ujao, kaeni na wazee waliobaki, mwandike majina ya miamba na sababu za kila mmoja kufungwa au kuachwa wazi. Nanyi maofisa wa hifadhi, mkitaka kuweka boya, mwulizeni kwanza anayevua hapo. Sheria ya 1970 ilikwisha kupiga marufuku baruti, na bado tulipigiwa kwa miaka mingi. Iliponyamaza mara ya kwanza, wavuvi wenyewe walikuwa wameamua.