Atapona Lini? Maswali ya Mzazi wa Mkongani

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Hata hivyo, yako maswali ambayo mzazi huyauliza kwa sauti ya chini. Huko Mkongani, katika Kaunti ya Kwale, mtoto wa miaka mitatu aliyekwisha kutamka maneno mawili matatu hunyamaza ghafla. Aitwapo jina hageuki. Hushinda akizungusha kifuniko cha sufuria, na mlio wa pikipiki ukipita barabarani huziba masikio na kulia. Mzazi hana jina la hali hiyo, na asiye na jina hulazimika kuazima la jirani. Huyu atasema mtoto ni bubu. Yule atasema ana pepo. Wa tatu atanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Neno usonji, ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulikuta kamusini na magazetini, lingali geni katika nyua nyingi.

Jina si jambo dogo, kwani ndilo liongozalo miguu ya mzazi. Likiwa pepo, safari ni ya kwa mganga au kwa mwalimu wa chuo atakayeandika kombe. Likiwa ugonjwa, safari ni ya hospitali ya Kwale au Msambweni, na pengine kuvuka feri ya Likoni hadi Mombasa. Joseph Gona na watafiti wenzake walipowahoji wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walisikia sababu za kila namna: pepo, uchawi na laana, sambamba na matatizo ya uzazi na maradhi. Tiba nazo zilichanganyika vivyo hivyo. Si ajabu, mfa maji haachi kutapatapa.

Swali la kwanza la mzazi aghalabu huwa la lawama: "Nimekosa nini?" Mama huulizwa alikula nini mimba ikiwa changa, alimkosea nani, ni nani anayemhusudu. Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya pwani pekee. Leo Kanner alieleza hali hii mwaka 1943 nchini Marekani, na katika miaka iliyofuata wataalamu wengi wa huko waliamini kwamba mtoto hujifungia kwa sababu mama yake hana mapenzi. Huko ubaridi wa mama, huku wivu wa mke mwenza: lawama ni ile ile, imebadili kanga tu. Aliyeipinga kwa nguvu alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji. Katika kitabu chake cha mwaka 1964 alionyesha kwamba chanzo kimo katika maumbile ya ubongo, si katika malezi. Akina mama wengi walipumua.

Swali la pili ni: "Dawa ipo?" Hapa ndipo historia ya Rimland inapogeuka kuwa funzo. Baba huyo huyo aliyewavua akina mama lawama aliongoza, mwaka 1995, kuanzishwa kwa mpango ulioitwa Defeat Autism Now!, yaani "shinda usonji sasa". Madaktari wa mpango huo walipendekeza lishe isiyo na ngano wala maziwa, vitamini nyingi na, kwa baadhi yao, dawa za kuondoa zebaki na risasi mwilini. Taasisi ya Rimland iliufunga mpango huo mwaka 2011. Nia ilikuwa njema. Ushahidi ndio uliokosekana.

Mzazi wa Mkongani akielezwa lishe hiyo ana haki ya kushangaa. Muhogo, ugali wa mahindi na wali wa nazi havina ngano wala maziwa ya ng'ombe, na watoto wa Kidigo wamevila tangu zamani, wenye usonji na wasio nao. Hatari ni kumnyima maziwa mtoto ambaye tayari hukubali vyakula viwili au vitatu tu.

Swali la tatu ni zito zaidi: "Isipomfaa, itamdhuru?" Mwezi Agosti 2005, huko Pennsylvania, mvulana wa miaka 5 mwenye usonji alifariki akitiwa mshipani dawa ya kuondoa madini. Dawa hiyo ilishusha kalsiamu ya damu yake na moyo ukasimama. Wazazi wake walikuwa wakimtafutia uzima. Basi kipimo kiwe kimoja kwa wote. Dua humtuliza mzazi na haimwumizi mtoto. Lakini fimbo ya kumtoa pepo, mafusho ya kumziba pumzi na sindano ya daktari asiye na ushahidi, yote ni madhara yaliyovishwa jina la tiba.

Wako pia wanaouliza kuhusu chanjo. Uvumi huo ulitokana na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida la The Lancet liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield alinyang'anywa leseni ya udaktari. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua na usonji. Surua yenyewe bado inaua.

Linabaki swali kuu: "Atapona lini?" Kosa halimo kwa mzazi, limo katika kitenzi. Kupona hudai ugonjwa, na ugonjwa hudai dawa, na dawa hudai mbuzi auzwe. Usonji ni namna ya kuwa ambayo mtu huzaliwa nayo na kuzeeka nayo. Kiswahili kina kitenzi kingine kifaacho zaidi: kulea. Atakayeuliza "nimleeje?" ana pa kuanzia. Kwanza, masikio yapimwe, maana asiyegeuka huenda hasikii. Pili, akiwa na kifafa atibiwe, kwa kuwa kifafa kina dawa. Tatu, apelekwe katika kituo cha upimaji wa elimu maalumu. Vituo hivyo vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984. Nyumbani afundishwe kidogo kidogo, kwa mchezo, kwa picha, kwa kurudia na kwa ratiba isiyobadilika ovyo. Hakuna muujiza hapo, lakini mtoto aliyekuwa akipiga kelele akiona kiu hujifunza kuonyesha kikombe.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii. Istilahi isiyofika Mkongani ni mali ya kabati. Yaandikwe maelezo mafupi, kwa maneno ambayo bibi anayebaki na mjukuu atayaelewa, na yasomwe kliniki, msikitini na barazani. Mzazi amekwisha kuuliza kwa Kiswahili. Ni haki yake ajibiwe kwa lugha hiyo hiyo, kabla muuza dawa hajamjibu.