Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana madukani, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa inawahusu wafanya biashara peke yao. Mimi nimeishi Songea karibu umri wangu wote, na sehemu kubwa ya umri huo niliitumia katika vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika. Nimeona kuwa methali hii inamhusu mwenye nyumba moja kama inavyomhusu mwenye maduka kumi. Duka hupoteza mali kidogo kidogo, na mwenyewe huweza kushtuka mapema. Nyumba hukaa kimya miaka ishirini, kisha siku iuzwapo mwenyewe huulizwa swali moja: ilikugharimu kiasi gani? Asiyeweza kujibu huulipia ukimya wake.

Swali hili si la udadisi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtaka mkazi wa Tanzania auzaye ardhi au jengo alipe asilimia kumi ya faida aliyoipata. Tuangalie neno faida. Sheria haikusema bei. Faida ni kile kisaliacho katika bei baada ya kuondoa gharama, na gharama katika sheria hiyo ina mikono mirefu. Inakumbatia bei ya kununulia, saruji na mbao za ujenzi, ujira wa mafundi, matengenezo na maboresho ya baadaye, malipo ya mpima ardhi na mthamini, ujira wa wakili na dalali, hata ushuru wa kuhamisha miliki. Msajili wa hati hamwandikishi mnunuzi mpya mpaka aone cheti cha Mamlaka ya Mapato kwamba kodi imelipwa au haidaiwi. Basi mtu hawezi kulikwepa swali lile. Analoweza ni kulijibu vizuri au vibaya.

Sheria imeacha pia milango michache ya huruma. Mtu aliyemiliki nyumba yake ya kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, na akakaa ndani yake kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, hatozwi kodi hii ikiwa faida haikuzidi shilingi 15,000,000. Shamba la mtu binafsi lenye thamani ya chini ya shilingi 10,000,000 nalo huachwa, ikiwa lilitumika kwa kilimo kwa muda usiopungua miaka miwili katika mitatu iliyotangulia mauzo. Mkazi mwenye hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, naye hana haja ya kuhangaika juu ya kodi ya faida aziuzapo. Tena mwaka 2023 uliongezwa mlango mwingine kwa auzaye ardhi au jengo bila kumbukumbu ya gharama: huyo hulipa asilimia tatu ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa zaidi.

Mlango huo wa mwisho umewafaa wengi, lakini watu hawaupimi. Asilimia tatu ya bei ni sawa na asilimia kumi ya faida pale faida inapokuwa asilimia thelathini ya bei. Kwa hiyo mtu ambaye gharama zake zilimeza zaidi ya asilimia sabini ya bei huumia akijiita hana kumbukumbu. Na yule ambaye gharama zake zilikuwa chache ataona nafuu kuzificha karatasi zake. Lakini mlango huo ulifunguliwa kwa asiye na karatasi. Haukufunguliwa kwa azifichaye.

Nimeyapima mambo haya kwa sababu mwaka 2024 jirani yangu mmoja, mjane wa rafiki yangu, aliuza nyumba yao kwa shilingi 68,000,000. Alikuwa akihamia kwa binti yake Namtumbo, na fedha ile ndiyo iliyokuwa akiba ya uzee wake na karo ya mjukuu aliyekuwa chuoni. Alikwenda katika duka moja la huduma za kompyuta ili hesabu itayarishwe. Kijana wa duka alifungua programu, akauliza kiwanja kilinunuliwa kwa kiasi gani, akajibiwa shilingi 700,000, mwaka 1999. Akaandika tarakimu hiyo katika nafasi ya gharama, na mashine ikatoa jibu kufumba na kufumbua: faida shilingi 67,300,000, kodi shilingi 6,730,000. Mjane yule alikuja kwangu na karatasi ile mkononi, naye ameinama kama aliyepokea habari ya msiba.

Mashine haikukosea kujumlisha. Ilipewa kiwanja kitupu cha mwaka 1999 na nyumba iliyokamilika ya mwaka 2024, ikaamini kuwa kuta, paa na milango viliota vyenyewe kama uyoga baada ya mvua. Hili ni jambo linalofaa kukumbukwa na kila atumiaye programu hizi. Hukagua hesabu, lakini hazikagui habari. Nafasi ya gharama ikiachwa tupu huisoma kuwa sifuri, na sifuri hiyo husimama katika fomu kwa heshima ile ile ya tarakimu iliyopatikana kwa jasho.

Wala ugonjwa huu si wa Songea peke yake. Mpwa wangu aishiye Marekani alinisimulia habari ya namna hiyo hiyo katika mali ya namna nyingine. Huko kampuni nyingine humpa mfanyakazi hisa kuwa sehemu ya ujira, na thamani ya hisa hizo hutozwa kodi pamoja na mshahara. Akiziuza baadaye, dalali wa hisa hutoa taarifa iitwayo Fomu 1099-B, na mara nyingi gharama iliyomo humo ni pungufu, pengine sifuri, maana ile thamani iliyokwisha kutozwa kodi haikuhesabiwa. Programu ya kodi huivuta taarifa hiyo kama ilivyo, na mtu hujikuta akilipa mara mbili kwa kitu kimoja. Dawa yake imo katika Fomu 8949, yenye safu ya marekebisho: mtu huacha tarakimu ya dalali ionekane, kisha huandika kando yake kiasi cha kuisahihisha, na kuhifadhi ushahidi. Nilipoisikia habari hiyo nilifarijika kidogo. Kumbe hata penye mashine nyingi, bado mtu hutakiwa afungue sanduku lake la karatasi.

Sanduku la rafiki yangu lilikuwa bati la biskuti. Hapana ajabu katika hilo. Wazee wetu wa Ungoni na Umatengo walizoea stakabadhi tangu siku za tumbaku na kahawa. Chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichoanzishwa mwaka 1936, kilimfundisha mkulima kwamba uzito wa mzigo wake haukai katika mzani, unakaa katika kikaratasi apewacho baada ya kupima. Hata leo mkulima wa ufuta au mbaazi katika mkoa huu wa Ruvuma anajua stakabadhi ya ghala ni nini. Lakini mtu huyo huyo, ajengapo nyumba, hutupa risiti ya saruji kabla saruji yenyewe haijakauka. Anaona kuwa mazao ni biashara, na nyumba ni maisha.

Marehemu hakuwa mtu wa namna hiyo. Tulitandika karatasi zake juu ya mkeka kwa siku tatu. Ujenzi wa mwaka 2000 hadi 2009, kwa matofali ya kuchoma, chumba baada ya chumba, ulifika shilingi 31,400,000. Ukuta wa ua, marumaru na paa jipya, vilivyoongezwa baadaye, vilifika shilingi 15,600,000. Upimaji na hati vilikuwa shilingi 1,300,000, na gharama za kuuza, yaani wakili na dalali, shilingi 2,800,000. Ukijumlisha na bei ya kiwanja, gharama yote ni shilingi 51,800,000. Risiti nyingine zilikuwa zimefifia. Zile za mashine za kielektroniki, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, huchapwa katika karatasi isiyopenda joto, na maandishi yake hutoweka polepole. Kwa bahati marehemu alizitoa nakala nyingi kati ya hizo na kuzibana pamoja na zile za asili.

Faida ikawa shilingi 16,200,000, na kodi shilingi 1,620,000. Tazama umbali uliopo kati ya hesabu ya kwanza na ya pili: shilingi 5,110,000, zilizookolewa na bati la biskuti. Hata ile njia ya asilimia tatu ingemtoza shilingi 2,040,000. Lakini tazama pia jambo jingine. Mjane yule alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka ishirini. Kama faida ingalikuwa shilingi 15,000,000 au chini yake, asingalidaiwa hata senti moja. Alizidi mpaka kwa shilingi 1,200,000 tu.

Na palikuwa na kisima. Kilichimbwa mwaka 2012 kwa shilingi 1,500,000, nami nilikuwapo fedha zilipohesabiwa. Hakuna risiti iliyoandikwa, na fundi aliyekichimba amekwisha kufariki. Kisima kingehesabiwa, faida ingeshuka hadi shilingi 14,700,000 na kodi ingeondoka yote. Mtu mmoja aliyekuwapo alisema kuwa jambo ni jepesi: mjini hapakosi kitabu cha risiti tupu, wala kalamu ya kuandika tarehe ya zamani. Ushauri wake ulinipa kigugumizi, kwa sababu haukuwa ushauri wa kudai kitu kisichokuwapo. Kisima kipo, maji yake nimeyanywa. Ilikuwa risiti ya uongo kwa jambo la kweli, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuukataa, maana huja umevaa nguo za haki.

Mjane hakuchukua muda mrefu. "Shemeji," aliniambia, "kisima ni cha kweli, lakini karatasi hiyo haitakuwa ya kweli. Nikiichanganya na karatasi za marehemu nitazitia shaka zote. Yeye alizitunza moja moja. Mimi siwezi kuziharibu kwa siku moja." Akaagiza kisima kiachwe nje ya hesabu. Alilipa shilingi 1,620,000, na kwa mtu wa akiba yake fedha hiyo haikuwa ndogo. Sikumwona akijuta.

Nimelifikiri neno lake mara nyingi. Sisi wa mji huu tunajua nguvu ya kumbukumbu isiyoandikwa. Mji wenyewe unaitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, na habari zake zilibebwa na vinywa vya wazee muda mrefu kabla ya kuingia katika vitabu na katika makumbusho. Kinywa ni chombo cha heshima. Lakini kila chombo kina kazi yake. Kinywa huweza kutunza ushujaa kwa miaka mia na ishirini, na kikashindwa kutunza bei ya mifuko arobaini ya saruji kwa miaka miwili. Jambo dogo ndilo lihitajilo karatasi, kwa kuwa hapana mtu atakayelisimulia.

Kuna somo jingine katika habari hii, nalo ni la wakati. Hesabu ya mjane yule ilisahihishwa kabla haijapelekwa, na huo ndio usahihishaji ulio rahisi. Mtu akisubiri mpaka makadirio ya kodi yatoke, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humpa siku thelathini za kuyapinga, na kwa kawaida humtaka kwanza alipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichobisha, kile kilicho kikubwa zaidi. Haki ipo, lakini njia yake ina vilima. Tena watu hushika kwamba kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka mitano, wakadhani kuwa risiti ya mwaka wa kwanza wa ujenzi yaweza kuchomwa katika mwaka wa sita. Hapo wanajidanganya. Karatasi ya gharama ya nyumba haizeeki kabla ya nyumba kuuzwa. Kazi yake huanza siku ile ya mauzo, na ndipo miaka ya kuitunza huanza kuhesabiwa.

Basi neno langu kwa ajengaye leo, awe Ruhuwiko, Msamala au Bombambili, ni fupi. Nunua daftari moja siku ununuapo kiwanja. Andika tarehe, kitu, kiasi na jina la aliyepokea fedha. Fundi asiye na kitabu cha risiti atie sahihi yake, au alama ya kidole, mbele ya shahidi, siku ile ile ya malipo na si siku nyingine. Risiti ya mashine itoe nakala kabla haijafifia. Usikidharau kisima, choo, wala lango, kwa kuwa hujui ni kitu gani kitakachosimama kati yako na mpaka wa sheria. Mwoneshe mwenzako wa ndoa mahali daftari lilipo, maana mara nyingi ajengaye siye auzaye. Na siku ya hesabu ikifika, idai gharama yako yote uwezayo kuithibitisha, bila haya, na uiache ile usiyoweza, bila hila. Taifa lina haki ya sehemu yake katika faida yako. Halina haki katika jasho lako. Kazi ya kuonesha jasho linakoishia na faida inakoanzia ni yako wewe uliyelitoa.