Kuchambua Picha na Adabu Zake



Neno "kuchambua" sisi watu wa Wawi tumelijua kwa vidole kabla ya kulijua kwa vitabu. Msimu wa karafuu ukifika, zilizochumwa mchana huchambuliwa usiku. Watu hukaa majamvini, karafuu ikawekwa mbali na konyo lake mbali. Karafuu huanikwa juani, na konyo nalo halitupwi, kwani hapa hapa Wawi kipo kiwanda kinachotoa mafuta ya makonyo. Leo nataka kusema juu ya uchambuzi wa namna nyingine, ambao umeingia majumbani mwetu bila ya kufundishwa adabu zake. Nao ni uchambuzi wa picha wanazopiga vijana wetu.

Zamani picha ilikuwa kazi ya mwenye studio. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu walikwenda wenyewe kukaa mbele ya kamera yake. Leo kila mwenye simu ni mpiga picha, na kila mwenye macho amekuwa hakimu. Ama hitilafu za wanavyuoni juu ya picha, hapa si mahali pake. Nasema na wale ambao picha tayari wanazipiga na kuonyeshana.

Mimi ni maalim wa chuo, na mambo ya vijana hunifikia. Msichana mmoja, aliyesoma kwangu, alimpiga picha bibi yake anaanika karafuu. Kaka yake akaichukua kuionyesha barazani. Watu wazima wakacheka: bibi kakatwa miguu, na mnazi wa nyuma umemwota kichwani! Hapana hata mmoja aliyesema neno la kumfaa yule mtoto. Habari zikamfika, naye akaiweka simu, asipige tena. Msimu uliofuata bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na picha waliyo nayo nyumbani mwao ni ile ile moja waliyoicheka.

Kijana mwingine mambo yake yalikuwa kinyume. Kila picha yake alijibiwa, "Masha Allah, hodari wewe!" Basi akaaminiwa, akapewa harusi ya watu. Bwana harusi na wazee walikaa wamelipa dirisha mgongo, nao wamevaa kanzu nyeupe. Zikatoka picha za kanzu tupu, nyuso hazijulikani ya nani ni ya nani. Na nikaha haifungwi mara ya pili kwa ajili ya picha. Wahenga walikwisha kumsema mgema na tembo lake. Haja ya kurejea hapana.

Wa kwanza alivunjwa na kicheko, wa pili aliponzwa na sifa. Wote wawili walinyimwa kitu kimoja, nacho ni nasaha. Mtume wetu (S.A.W.) amemfananisha Muumini na kioo cha Muumini mwenziwe. Kitazame kioo kazi yake: hakikuzulii doa usilokuwa nalo, wala hakikufichi ulilo nalo, wala ukishaondoka hakimwonyeshi ajaye baada yako.

Basi mwenye kuletewa picha na afuate taratibu. Kwanza amwulize mwenyewe alikusudia kuonyesha nini, kwani huwezi kumhukumu msafiri kuwa amepotea na hujui aendako. Pili, autaje uzuri kwa jina lake. Kusema "nzuri" hakumfundishi mtu. Mwambie, "Mkono wa bibi unavyozitandaza karafuu, hata vidole vinahesabika." Hapo atajua nini cha kukishika. Tatu, ataje kosa pamoja na dawa yake: "Mwanangu, ungesogea hatua mbili kushoto, mnazi ungemtoka bibi kichwani. Ungerudi nyuma kidogo, miguu ingeingia." Na wa harusini angeambiwa kabla: wageuze watu waelekee dirisha, na uguse penye uso katika kioo cha simu, kwani kamera ikiona weupe mwingi wa kanzu huipunguza nuru, na uso ndio unaolipa. Jua la utosi nalo hutia kivuli machoni. Ngoja alasiri ipinde, au wahi asubuhi. Nne, aseme naye faraghani. Nasaha mbele ya kadamnasi hugeuka fedheha, hata maneno yakiwa ya kweli.

Tena, kabla hujamlaumu mtu, tazama kama kosa ni lake au ni la chombo. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa kizungu, ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Watu weusi wakitoka giza, na huenda kila mmoja alidhani ni upungufu wa mpiga picha wake. Malalamiko yalikuja kutoka pande nyingi, na katika miaka ya 1990 zikatolewa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Ukosoaji uliosemwa na ukasikilizwa ulikitengeneza chombo chenyewe.

Na liko jambo zito kuliko nuru na kivuli: huyu aliyepigwa, aliridhia? Picha inaweza kuwa nzuri kwa jicho na mbaya kwa haki. Mama aliyejitanda kanga vibaya kwa sababu yumo kazini kwake, au mgonjwa kitandani, hao wana stara yao. Anayechambua picha akasifu rangi na kulinyamazia hili, amechambua nusu.

Ama mwenye kupewa nasaha, na yeye anayo adabu yake. Asikimbilie kusema, "Simu yangu mbovu," au "Nilikuwa na haraka." Anyamaze, asikie mpaka mwisho, kisha aulize, "Ungekuwa wewe, ungesimama wapi?" Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, ndiye aliyeeleza kwamba jicho huona kwa nuru itokayo kwenye vitu, na akaichunguza nuru inavyopita tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Humo ndimo ulimo msingi wa kila kamera. Mwanachuoni huyo aliandika kitabu kizima cha kuyatilia shaka maneno ya Batlamyus, na humo akamhimiza mtafuta haki aitilie shaka hata nafsi yake anapokosoa. Ikiwa yeye alijihadhari hivyo na elimu yake yote, sisi wenye simu tujihadhari vipi!

Lakini si kila linalosemwa ni la kuchukuliwa. Lichekeche. Lililo na dalili katika picha lijaribu siku ya pili kwa picha nyingine, kwani picha ya pili ndiyo itakayokuambia kama nasaha ilikuwa sawa. Na kosa ulilolijua usiliche: hilo ndilo konyo lako, na konyo lina mafuta.

Basi nawaambia wazee wenzangu wa mabaraza, na akina mama majumbani: mtoto akikuletea picha anakuletea amana. Usiicheke, wala usimlipe kwa sifa ya kumwondoa mbele yako. Mkalishe, itazame naye, mwambie moja la kushika na moja la kutengeneza, kisha mpeleke akapige tena. Wazee wenye visa vya mji huu wangali hai baadhi yao, na karafuu hazikungoji msimu ukishapita. Anayewaondolea vijana moyo leo anaufunga mlango wa kumbukumbu ambao kesho atakuja kuubisha yeye mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.