Dhahabu Haiogopi Maji

Mzee mmoja wa Sotik alipokea maziwa ya wakulima wenzake kwa miaka mingi, na sifa yake ilikuwa moja: hakudanganyika. Maziwa ni mazito kidogo kuliko maji. Yakizimuliwa, kipimo cha kioo huzama zaidi. Mzee alitazama tu kipimo, akamjua mwizi.

Hata hivyo, tamaa humpofusha mwenye macho. Mwaka mmoja, juma lile lile lililolipwa bonasi ya chai, alifikiwa jioni na mgeni mwenye kipande cha manjano kilichofungwa kitambaani. Mgeni alisema ni dhahabu kutoka Lolgorien, upande wa Trans Mara, ambako ni kweli kuna machimbo yake. Mizani ilionyesha nusu kilo kamili. Bei aliyoitaka ilikuwa sawasawa na bonasi yote. Mzee aliwaza ng'ombe wa gredi na nyumba ya mawe, akasahau kwamba fedha zile ndizo karo ya bintiye.

Binti huyo, aliyekuwa kidato cha tatu, alimwamkia mgeni kwa heshima, kisha akasema, "Niwie radhi, Baba. Wewe hupokei maziwa kabla ya kuyapima. Na hiki je?"

Neno lile lilimwingia mzee. Binti akaeleza kwamba mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1. Kiasi hicho hicho cha chuma ni karibu gramu 8. Cha risasi, gramu 11.3, cha dhahabu halisi, gramu 19.3. Basi nusu kilo ya dhahabu yapasa kuwa ndogo, mililita 26 tu, karibu na ukubwa wa kiberiti.

Wakaweka bilauri sahanini, wakaijaza maji hadi ukingoni, wakakitumbukiza kipande polepole kwa uzi. Maji yaliyomwagika waliyavuta kwa bomba la sindano ya ng'ombe, wakayahesabu. Yalikaribia mililita 60! Hesabu hiyo ni ya shaba ya manjano, wala si ya dhahabu. Mgeni akakumbuka ghafla kwamba gari lake lamngoja, akaiacha chai yake ikifuka moshi.

Karo ililipwa. Lakini wasomaji wasidhani kwamba maji humaliza shauri lote. Yako madini yaitwayo tangisteni, ambayo uzito wake kwa ukubwa wake ni karibu sawa na wa dhahabu. Watu waovu huyaficha ndani ya dhahabu ya juu juu. Maji huweza kumuumbua mwongo, ila hayatoshi kumthibitisha mkweli. Mwenye kununua na aende kwa mfanyabiashara mwenye kibali cha serikali, mchana, mbele ya mashahidi.

Mzee aliendelea kupokea maziwa. Alipomnasa mtu aliyetia maji, hakumkemea tena kwa kelele kama zamani. Alimwonyesha kipimo tu, akanyamaza.