Likizo ya Wiki Moja Kaloleni: Maktaba, Runinga na Kadi ya Kliniki

Ukisikia neno likizo, msomaji, bila shaka mawazo yako hukimbilia Mombasa, kwenye mchanga mweupe na madafu. Mimi pia nilikuwa nimejiandalia hayo. Lakini mipango si matumizi. Mama aliwasili kutoka Mwingi akiwa na barua ya daktari mkobani, na likizo yangu yote ikaishia mtaani Kaloleni, jijini Nairobi, baina ya maktaba, runinga na foleni ya kliniki ya macho.

Usinihurumie bado. Nifuate kwanza.

Ikiwa huujui mtaa huu, shika barabara ya Jogoo kutoka Muthurwa. Ukiufikia uwanja wa City na soko la Burma linalosifika kwa nyama, umekaribia. Nyumba za Kaloleni ni za mawe na vigae. Zilijengwa katika miaka ya 1940, nazo zimeuzunguka ukumbi ulio katikati ya mtaa. Miti ni mingi, na mchana ukitulia utasikia watoto wakifukuza mpira wa makaratasi kana kwamba kelele za jiji ziko mbali sana.

Jumatatu tulirauka saa kumi na moja alfajiri. Hata hivyo, tulipofika hospitalini tulipewa nambari 63. Mama aliketi kwenye benchi akiwa na imani tele. Jirani yake kijijini alipasuliwa mtoto wa jicho akaona tena, kwa hivyo naye alitarajia kupasuliwa, kufunguliwa bendeji na kurudi nyumbani akihesabu mbuzi wake.

Lakini wapi! Daktari alimtia matone, akampima presha ya macho, akamulika ndani kwa taa yake kisha akanyamaza kidogo. "Mama," alimwambia kwa upole, "huyu si mtoto wa jicho. Hii ni presha ya macho. Mtoto wa jicho nikimtoa, utaona. Lakini kilichochukuliwa na presha ya macho hakirudi. Kazi yetu ni kukilinda kilichobaki."

Hebu nikueleze nilivyoelezwa. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka daima. Yasipotoka vizuri, presha hupanda na kuuharibu mshipa wa fahamu upelekao picha kwenye ubongo. Kwa wengi ugonjwa huu hauumi wala hauwashi. Huanza kula pembeni polepole, huku katikati pakiwa pangali safi, na ndiyo maana mtu huweza kuishi nao miaka mingi bila habari.

Jioni hiyo, ile runinga yangu ndogo ndiyo iliyonifungua macho. Tulikuwa tukitazama taarifa ya habari ya saa moja, kisha mchezo wa kuchekesha. Mama ni mpenzi wa michezo hiyo tangu enzi za Mzee Ojwang na Mama Kayai katika "Vitimbi". Alimcheka aliyekuwa katikati ya kioo, lakini mwingine alipodakia kutoka pembeni, akaniuliza, "Nani huyo anayezungumza?" Mtu mwenyewe alikuwa wazi kabisa! Ndipo aliponikiria kwamba kwa miaka miwili amekuwa akijigonga mlangoni na kusingizia uzee. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Jumanne nilimpeleka katika maktaba ya Kaloleni iliyo hapo hapo mtaani. Hii ni moja ya matawi mawili ya maktaba ya McMillan huku Eastlands, jingine likiwa Makadara, na yote mawili yamekarabatiwa miaka ya hivi karibuni. Wanafunzi walikuwa wameinamia vitabu. Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifungua kitabu akasoma mistari mitatu kisha akapotea. Kila akimaliza mstari mmoja, mwanzo wa mstari unaofuata ulimponyoka. Alikifunga taratibu akaanza kuwatazama watoto.

Jumatano tulirudi kliniki kwa kipimo cha upana wa kuona, ambapo mgonjwa hutazama mbele tu na kubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Mashine ilikuwa imeharibika. Tuliambiwa turudi Ijumaa, na nauli ikawa imekwenda bure.

Kwa kuwa tulikuwa mjini, tuliteremka mtaa wa Banda kuiona McMillan yenyewe. Ni jumba la nguzo kubwa kubwa, na ngazi zake zinalindwa na sanamu mbili za simba. Lilifunguliwa mwaka wa 1931, lakini Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Mama alimshika simba mmoja kichwani. "Babu yako alifanya kazi Reli," alisema. "Alikuwa akipita hapa akiwaona simba hawa, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Mimi mlango uko wazi, macho ndiyo yanafungwa." Sikuwa na jibu, msomaji. Nilimshika mkono tukapanda ngazi.

Usiku huo nilianza kumsomea "Siku Njema", kile kitabu cha marehemu Ken Walibora kilichotoka mwaka wa 1996. Safari ya Kongowea kutoka Tanga akimtafuta baba yake ilimteka mama hata akasahau runinga. Alhamisi tulishinda nacho kutwa nzima, na watoto wa jirani wakaja kuketi sakafuni kumsikiliza "nyanya" akinisahihisha matamshi.

Ijumaa mashine ilikuwa imetengenezwa. Mama alipewa matone ya kutia kila usiku, maisha yake yote, hata siku asipohisi lolote. Kisha daktari akanigeukia. "Nawe umepimwa?" Nilicheka. Nina miaka 36 na nasoma hata maandishi madogo kwenye chupa ya dawa. Hakucheka. Alinieleza kuwa ugonjwa huu hufuata damu, hivyo mtoto au ndugu wa mgonjwa yumo hatarini kuliko watu wengine.

Presha ya kawaida ya jicho ni baina ya 10 na 21. Jicho langu la kulia lilisoma 25. Mshipa bado ni mzima, alisema, lakini sharti nirudi baada ya miezi mitatu, na kuendelea kurudi. Nilikuwa nimekwenda kumshika mama mkono, nikatoka na kadi yangu mwenyewe.

Basi msomaji, ukitimiza miaka 40, nenda ukapimwe macho hata kama unaona vyema. Na ikiwa mzazi au ndugu yako ana presha ya macho, usingoje umri huo. Mwombe daktari autazame na mshipa wa jicho, kwani wako wanaougua ilhali presha yao ni ya kawaida.

Jumamosi nilimsindikiza mama kituoni. Matone yalikuwa mkobani, na "Siku Njema" ilikuwa imebakiza sura chache. Nilitaka ampe mjukuu wake amsomee, lakini alikataa. "Kiache hapa, mwanangu," alisema. "Baada ya miezi mitatu tutakwenda kliniki sote wawili. Utanimalizia kwenye foleni."