Hudaiwi, Mwanangu

Somanda, Bariadi
Julai

Mwanangu mpendwa,

Pamba ya mwisho tumeipeleka chama chetu cha ushirika, AMCOS, juzi, na wadogo zako wameanza kung'oa masalia shambani ili yachomwe.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia. Kwenye simu nyumba nzima husikiliza na kila mmoja hutaka kusema lake. Haya nataka uyasome kwa utulivu, na uyarudie ukishafika Coimbatore, India.

Naanza na lililo kubwa. Ng'ombe waliouzwa mnadani, michango ya ukoo, bahasha ulizopewa siku tuliyokuaga, vyote hivyo si mkopo. Tumekupa, na kilichotolewa hadharani mbele ya wazee hakiwezi kuja kudaiwa kwa siri. Kwa hiyo usitume fedha nyumbani. Usitume hata rupia mia, hata ukiombwa kwa machozi, mpaka utakapomaliza masomo na kupata kazi.

Nasema kwa ukali kwa sababu nayajua yatakayokuja. Huku kwetu mtu akishapanda ndege huhesabiwa kuwa na fedha. Hutamaliza miezi miwili kabla mtu hajakwambia bati limeezuliwa na upepo, mwingine ada ya mtoto, mwingine simu tu kama ile uliyopiga nayo picha. Wengine watakuwa na shida ya kweli, na hao ndio watakaokuumiza moyo zaidi. Utalala njaa hosteli ili utume. Mtoto wa jamaa yetu mmoja, sina haja ya kumtaja, alikwenda kusoma Ulaya akawa anafanya kazi ghalani usiku kucha na kusinzia darasani mchana, fedha zikija huku kila mwezi. Tulimsifu sana. Tulikuwa tukidhani yuko mwaka wa tatu, kumbe chuo kilikwisha kumwondoa zamani, naye hakuwa na wa kumwambia. Nyumba aliyoijenga baba yake kwa fedha hizo ipo, lakini yeye hakupata shahada na mpaka leo anaona haya kurudi.

Wewe hata hiyo kazi ya ghalani huna. Viza ya mwanafunzi ya India haikuruhusu kufanya kazi ya mshahara. Ukikamatwa unafanya kibarua, utakuwa umeiweka viza yako na masomo yako yote rehani. Tena vyuo vya huko huhesabu mahudhurio. Kawaida asiyefikisha asilimia 75 ya vipindi huzuiwa kufanya mtihani, hata awe na akili kiasi gani. Muda wako ndio mali pekee uliyokwenda nayo, na huwezi kuugawa.

Nimekaa na baba zako wadogo, shangazi zako na wajomba, mama yako akiwepo, tukakubaliana. Mwenye shida aje kwangu, si kwako. Tulibishana kidogo, lakini walikubali.

Sasa nikwambie kwa nini nilifurahi uliposema ni Coimbatore na ni uhandisi wa nguo. Nimekuwa bwana shamba kwa miaka mingi, nimetembea Itilima, Maswa na Meatu nikiwafundisha watu kupanda kwa mistari na kupulizia dawa kwa wakati. Mkoa wetu ulipoundwa mwaka 2012 ulizaliwa na pamba mikononi, na mpaka leo Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa zao hili. Lakini sisi tunaishia kwenye jineri. Mbegu inakwenda kukamuliwa mafuta, na sehemu kubwa ya nyuzi inafungwa marobota kwenda nje ya nchi. Kijana wa Nyakabindi anavaa fulana iliyoshonwa Asia, na huenda pamba yake ilichumwa na mama yake. Jambo hili limenikera maisha yangu yote ya kazi.

Huko uendako walivuka hapo tulipokwama. Coimbatore nayo imezungukwa na nchi ya pamba. Kiwanda chake cha kwanza cha kusokota kilianza mwaka 1888, na umeme wa maporomoko ya Pykara ulipofika miaka ya 1930, viwanda vikaongezeka kwa kasi. Jirani yake, mwendo wa kilomita 50 hivi, upo mji wa Tirupur unaoshona fulana zinazouzwa dunia nzima. Nenda ukauone, usiishie kwenye vitabu. Uliza nani alianza na mashine ngapi, nani alimkopesha, umeme wanalipia vipi, vibarua wanalala wapi na wanalipwa nini. Angalia na ubaya wake pia, maji machafu ya rangi yanakwenda mto gani, maana sitaki utuletee kiwanda kitakachotuulia visima.

Haitakuwa mara ya kwanza kwa Usukuma kupata faida ya mtu aliyetoka kwenda kusoma. Paul Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, mwaka 1953 kusomea mambo ya ushirika, wakati wakulima wetu wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Alirudi mwaka uliofuata, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika Afrika. Baadaye akawa Waziri wa Fedha. Sikuambii uwe waziri. Nakuonyesha kwamba alikwenda akiwa anajua tatizo la watu wake kwa jina, na akalisomea hilo hilo.

La usalama siwezi kulipita. Tarehe 31 Januari 2016, mjini Bengaluru, kundi la watu lilimshambulia msichana wa Kitanzania aliyekuwa mwanafunzi, pamoja na wenzake, kwa sababu tu Mwafrika mwingine, wala si Mtanzania, alikuwa amemgonga mwanamke kwa gari akafa. Kosa la mtu wasiyemjua likawaangukia wao kwa rangi yao. Polisi waliwakamata watu, na waziri wa mambo ya nje wa India, Sushma Swaraj, alililaani tukio lile. Sikuelezi haya ili uwaogope Wahindi. Wengi watakupokea kwa upole, na utapata marafiki wa maisha. Lakini ukiona watu wamekusanyika kwa hasira barabarani, usisogee kutazama, hata kama jambo halikuhusu. Mwaka wa kwanza kaa hosteli ya chuo. Ukifika tu, watafute wanafunzi Watanzania waliotangulia, na namba ya Ubalozi wetu wa New Delhi uiandike kwenye karatasi, maana simu huibwa.

Wapo pia wanafunzi wakubwa wanaowaonea wageni, kuwatuma na kuwadhalilisha. Serikali ya India imepiga marufuku jambo hilo, na tume yao ya vyuo vikuu ilitoa kanuni kali mwaka 2009. Usilivumilie kwa kudhani ni mila ya chuo. Lipeleke kwa mkuu wa hosteli siku hiyo hiyo.

Chakula kitakushinda mwanzoni. Utapewa wali na sambar, mchuzi wa dengu na mboga wenye ukwaju na pilipili, asubuhi hadi jioni. Mama yako amefunga michembe ya viazi na karanga, usivimalize wiki ya kwanza. Na lugha ya mtaani ni Kitamil, hivyo jifunze kusalimia na kuuliza bei. Mgeni anayejaribu kusema lugha ya wenyeji huhurumiwa haraka.

Ukishindwa mtihani, sema. Ukiugua, sema. Ukikaa wiki nzima unalia na hujui unalia nini, nipigie hata usiku wa manane. India wametutangulia saa mbili na nusu, kwa hiyo saa mbili ya usiku huku ni saa nne na nusu kwako. Sitakuuliza kwanza kuhusu matokeo. Nitakuuliza umekula nini.

Kibali cha tume yetu ya vyuo vikuu, TCU, na nakala za vyeti viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiingie kwenye sanduku. Jisajili kwa ofisi yao ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu uwasili, usingoje ukumbushwe. Halafu mpigie mama yako kabla ya kunipigia mimi. Na mtu yeyote wa ukoo huu akikuomba fedha, usimjibu lolote, mpe namba yangu.

Ni mimi,
Baba yako mkubwa